Nani Anamlisha Mkanda?

Wewe! Acha unachofanya usome hapa. Natoka kwa daktari wa mifugo, nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Unamjua Mkanda, yule nyoka aliyetuachia kaka alipokwenda masomoni. Siku hizi hata kujiviringisha hawezi. Kalala tu kama mto wa kochi.

Daktari kauliza, "Nani anamlisha?" Nikajibu kifua mbele: mimi, panya mmoja wa friza kila wiki mbili, kama kaka alivyoagiza.

Baba akakohoa. "Na mimi kidogo. Jumapili tu."

Nikamgeukia mama. Mama huyu huyu aliyeapa hatakanyaga chumba cha huyo shetani! Anaangalia dari. "Kila jioni," akasema.

KILA JIONI!

"Alikuwa ananitazama, ningefanyaje? Nyumbani kwangu halali mtu na njaa."

MTU. Umesikia?

Daktari akasema huyu ana mafuta mpaka kwenye ini, tukiendelea hivi atakufa. Asiguse chakula mwezi mzima. Mama akamtazama daktari tumbo, taratibu kabisa. "Na wewe, daktari, nani anakulisha?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Njia nzima mama kampakata Mkanda, kamfunika mtandio wake. Tumefika, nikaenda jikoni niwafiche wale panya. Friza tupu!

Sasa hivi nimesimama nje ya chumba cha mama. Kajifungia na nyoka. Namsikia ananong'ona, "Kula haraka, mwanangu, kabla dada yako hajaja."