Baba wa Chumba cha Pili

Shamba la Mkonge, Bendera
14 Juni 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Mhezi haijakuzidi, na goti linakuruhusu kufika kanisani. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku nimelizoea. Upweke ndio bado.

Ile kazi nimeipata. Tajiri aliyenunua shamba anakarabati nyumba ndefu ya vyumba vilivyoungana ninamoishi. Yeye yuko mbali, hivyo msimamizi wake, Bwana Humphrey, amenipa kazi ya kupiga picha kila hatua: mabati yakishushwa, kuta zikikwanguliwa, lipu mpya ikipigwa. Aliniagiza nisiingize watu, maana tajiri anataka kuona nyumba.

Agizo hilo si gumu, Mama. Watu wenyewe wameisha. Mkonge ulipoacha kukatwa, majirani waliondoka mmoja mmoja, kila mtu kwao. Nilipoingia chumba cha Mwamvita, niliyekuwa nasuka naye ukili, nilikuta masizi yangali ukutani pale alipokuwa akipika. Nikabonyeza kamera kabla sijalenga. Picha ile iliharibika.

Mafundi wakiondoka jioni, sauti inayobaki ni kikohozi cha Mzee Sebastiani ng'ambo ya ukuta. Alikuja huku akiwa bado kijana, kutoka Songea, kukata mkonge. Mkewe kazikwa hapa, na kwao hakuna anayemjua tena. Nilipougua malaria, ndiye aliyekuwa akigonga ukuta kuuliza kama nimekunywa maji.

Juma lililopita Bwana Humphrey alimwamuru ahame. Mzee hakubishana. Alitoa kitanda chake nje, akakikalia, akatazama mabati yakishushwa. Nikampiga picha, ingawa nilikatazwa. Kisha nikamfuata Bwana Humphrey kumwombea. Akasema wanaobaki ni wafanyakazi na wazazi wao, basi.

Mama, hapo ndipo nilipotamka: "Huyu ni baba yangu."

Bwana Humphrey alimgeukia mzee, akamuuliza kama ni kweli. Mzee akasimama, akafunga vifungo vya shati, akasema, "Ndiyo. Huyu ni binti yangu."

Sasa tumegawana chumba changu kwa pazia. Najua Baba aliyenizaa amelala huko nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba, na najua ulivyomlilia. Sikutaka kumfuta. Lakini mwezi ujao Bwana Humphrey anapanda huko kutafuta mbao, na amesema atapita kukusalimu. Akikuuliza habari za mumeo, nakusihi usinikane. Picha ya mzee nimeiweka humu ili umjue sura.

Jana mzee aliniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, asije akamwaibisha. Nilianza kumweleza, nikaishia kumwambia wewe ndiye unayejua. Mama, mwandikie wewe.

Msalimie kaka Loth na watoto wake, na wote wanaoniulizia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
Devotha