Kisa cha Saba cha Mwalimu Évode

Jumatatu, 4 Mei 1992
Mwalimu Évode, jirani yetu hapa Nyamirambo, ametuletea kitabu chake. Kimetoka! Visa vya maisha yake mwenyewe, vya kuchekesha. Namsomea kaka Léonidas — tangu atoke gerezani macho yanaona ukungu tu, hata sindano namtungia mimi. Leo kisa cha mbuzi aliyekula barua ya uchumba. Kaka kacheka! Mwaka mzima sijamsikia hivyo.

Jumatano, 6 Mei
Cha sita: mama mkwe na padri. Kaka ananiomba nisimame kidogo apumue. Eti huyu mwalimu ni daktari.

Alhamisi, 7 Mei
Nilitangulia kusoma peke yangu dukani kwetu, penye cherehani ya kaka. Kisa cha saba: Oktoba ya tisini, vita vimeanza tu, wanajeshi wanapita nyumba kwa nyumba. Mwalimu kajificha chini ya kitanda, miguu iko nje. Wanamvuta kwa soksi. Anatetemeka hadi meno ya bandia yanaanguka! Wanamuuliza kama anawajua ibyitso, wale wasaidizi wa adui. Naye: mimi? Hapana, afande! Labda yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwenye redio kubwa. Wakaenda. Akarudi kwenye maharage yake — yalikuwa bado moto.
Bado moto!
Fundi wa ng'ambo ni Léonidas. Miezi sita ndani. Siku zote tulijiuliza nani alimtaja. Na huyu ndiye aliyekuja kutupa pole, akala ugali wetu, akalia!
Nimenawa mikono mara tatu. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Mei
Nimeruka, nimesoma cha nane. Vibaya, makusudi. Kaka kashtuka: cha saba kiko wapi? Nikasema karatasi zimeshikana. Uongo. Nikimwambia, atafanya nini na macho hayo? Nisipomwambia, mimi na Évode tuna tofauti gani?

Jumapili, 10 Mei
Évode yuko sebuleni. Katoka misa, kaja kuuliza kama tumecheka. Pff! Naandika huku jikoni, nasikia kila kitu. Kaka anamlalamikia: dada ananirukia visa, cha saba sijakisikia, heri unisomee mwenyewe.
Mwalimu anasema koo linamuuma.
Nimempelekea maji. Nimemfungulia ukurasa, nikauweka magotini pake. "Soma, mwalimu." Hakunitazama.
Nimerudi jikoni. Anakohoa. Sasa ameanza, sauti ndogo — Oktoba, kitanda, soksi.
Kaka anacheka.