Mshiriki wa Kwanza wa Luanda Kotieno

Nyalenda,
Kisumu.
14 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Brandon,

Pokea salamu za mjomba wako. Hujambo huko Doha? Joto limepungua, ama bado linawakaanga kama mandazi? Unakula vizuri? Sisi ni wazima. Mama yako Nabututu goti lilimsumbua wakati wa mvua, lakini sasa anatembea hadi sokoni bila fimbo. Mimi ni yule yule, nguvu za ng'ombe dume.

Sasa keti nikupe habari za binamu yako Nakhumicha. Unajua anasomea mambo ya mazoezi ya mwili chuoni huko Bondo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupima wavuvi, aone viungo na misuli yao inanyumbulika namna gani. Bila wavuvi hao, hakuna kumaliza chuo mwaka huu.

Kifaa chenyewe ni kisanduku chenye rula juu. Unakaa chini, miguu imenyooka, nyayo zimegusa kisanduku, halafu unainama ukisukuma vidole juu ya rula bila kukunja magoti. Ni hivyo tu. Lakini alipokifikisha ufuoni Luanda Kotieno, wavuvi wote walirudi nyuma. Si unajua, huku kwetu mtu wa kunyooshwa miguu akapimwa ni yule anayesubiri jeneza. Mtoto alirudi nyumbani macho mekundu.

Nikamwambia, kesho unaenda na mimi baba yako. Ufuo ule wananijua. Nimenunua samaki pale tangu hujazaliwa, na hawajasahau yule samaki mbuta niliyemvuta kwa mkono mmoja, mkubwa kuliko mlango wa kanisa.

Tulipofika, Mzee Achola, mwenyekiti wa ufuo, akaniambia, "Bwana Shitanda, sisi bado tunapumua. Mwambie binti yako akapime mbao."

Nilivua viatu nikaketi pale pale kwenye sakafu ya banda la samaki. Nakhumicha alitaka kwanza nipashe mwili joto. Nikamwambia mimi huamka nikiwa moto tayari.

Brandon, nilisukuma. Vidole vikakwama kwenye miundi, mbali na vidole vya miguu kama Kisumu na Mbita. Mama mmoja muuza samaki, Apiyo, akasema, "Mzee, kwani hiyo ndiyo mikono ilivuta mbuta?" Banda zima likacheka. Suruali ndiyo ilinibana, lakini wacha.

Achola hakuvumilia. "Nipisheni nimwonyeshe." Akaketi, akavipita vidole vyake vya miguu kwa kiganja kizima. Hapo foleni ikaanza, kila mvuvi akitaka kumshinda Shitanda, na wote walinishinda. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa na watu wa kutosha na kubaki.

Juzi aliwasilisha kazi yake mbele ya walimu. Majina hayaandikwi, sisi tunaitwa washiriki. Mwalimu mmoja akauliza huyu Mshiriki wa Kwanza ni nani, mbona amekakamaa kama kasia. Nakhumicha akajibu, "Ni baba yangu. Bila yeye hakungekuwa na wa pili."

Amepita. Desemba anavaa joho.

Auntie yako Dorca anakusalimu, na mama yako pia. Msalimie Mujahid mnayekaa naye chumba kimoja. Mungu akulinde kazini, akurudishe na mwili mzima na viungo laini kuliko vyangu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye sana,
Shitanda,
Mshiriki wa Kwanza.