Sikuwa Nikipanguza Vumbi

Yamumbi, Eldoret
Jumanne, 15 Julai 2025

Kwa dada yangu mpendwa Angeline,

Pokea salamu kutoka kwa watu wawili wanaoishi katika nyumba ya watu kumi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo wako umetulia baada ya kuinua wagonjwa mwezi mzima, na huko Leeds jua limewakumbuka angalau kwa wiki moja. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, anatembea na fimbo hadi mlango wa jikoni na kurudi bila kushikwa, na jana alimaliza kikombe cha uji kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa umelala tangu kiharusi kimpate. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja ambalo litafika kwa wakati wake.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati nyumba nzima sasa ina intaneti uliyotununulia wewe mwenyewe. Ni kwa sababu najijua. Kwa simu ningekata. Karatasi ikishatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa Betty, siwezi tena kuifanya lolote. Likizo yake inaisha Alhamisi, na ameahidi kukupa mkononi mkikutana wodini.

Nafuata mpangilio wa Baba. Najua hujausahau: salamu, mvua, shamba, majirani, kanisa, ndipo neno lenyewe. Alitufundisha sote watano kwenye meza ya jikoni ya ile nyumba ya shule kule Ainabkoi, na aliyeruka mvua aliandika upya. Mama alipenda kusimulia jinsi ulivyomwandikia Baba kutoka bwenini ukiomba viatu katika sentensi ya kwanza kabisa, naye akakurudishia barua yako imeandikwa juu kwa wino mwekundu, "Mvua je?" Ingawa viatu vilikuja pamoja na barua hiyo hiyo.

Basi, mvua ni nzuri. Inanyesha kila alasiri na baridi ya Julai imeshika, Baba anavaa sweta mbili. Mahindi yamenipita kichwa. Kwa majirani, ng'ombe wa Mama Wamucii amevunja ua tena na kula mistari miwili ya mahindi yetu, na Mama Wamucii amekuja kuomba radhi akiwa na maziwa ya ng'ombe huyo huyo. Baba akasema hayo ni mahindi yetu yanarudi nyumbani. Kanisani wamemchagua Jeconia kuwa mweka hazina, na Baba, aliyemfundisha darasa la tano, anasema Mungu awasaidie kwa sababu Jeconia hakuwahi kuelewa kugawanya.

Sasa acha nikushukuru, maana sikukushukuru vizuri.

Ulipoandika mwezi wa tano kwamba umechoka kumsikia baba yako nusu nusu, kila Jumapili simu inakatika akiwa katikati ya maneno, ukaniambia nichague mtambo wowote utakaofikisha waifai hadi chumbani kwake na nisikuulize bei, nilikujibu kwamba lazima nifanye utafiti kwanza. Kweli nilifanya. Nilichora nyumba nzima kwenye karatasi ya grafu, vyumba saba, korido inayopinda mara mbili, na ile nyongeza ya nyuma ambayo Baba aliijenga akiamini wajukuu watakuja kulala. Nilipima kuta. Ni inchi tisa za mawe ya machimbo, hata zile zinazotenganisha chumba na chumba.

Nilijifunza kwamba kile kidude rahisi cha kuongeza nguvu kinarudia tu kile kinachosikia, kama mtu anayetumwa na ujumbe akaufikisha nusu. Mesh ni kitu kingine. Ni vidude kadhaa vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, vyote kwa jina moja, na ukitembea na simu kutoka sebuleni hadi jikoni inapokelewa na kile cha karibu bila wewe kujua. Kimoja kikizimika, vingine vinakupokea. Nilijifunza pia nisiamini sanduku linaposema viwili vinatosha nyumba kubwa, kwa sababu nyumba waliyopimia huenda ni ya mbao, na katika nyumba ya mawe mtu anahesabu kuta. Nikachagua vitatu, vya aina ile yenye njia yao ya pekee ya kuzungumza, ili visigombanie nafasi na simu zetu. Nilikueleza haya yote kwa simu, nawe ukanisifu kwamba hakuna mtu mwenye bidii kama kitinda mimba wetu.

Ilinichukua wiki tatu kuchagua, Dada. Mtu mwenye nia angemaliza kwa siku mbili.

Fundi aliyetumwa na duka la mjini anaitwa Irungu, mtu wa makamo, kofia ya sufu haitoki kichwani. Aliingia, akagonga ukuta kwa kidole, akamuuliza Baba kwa heshima kama alikuwa anajenga nyumba ama benki. Baba alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu augue alicheka kwa mdomo wote, na kwa kicheko hicho pekee mtambo wako ulikuwa umeshafanya kazi hata kabla ya kutolewa sandukuni.

Irungu alizunguka nyumba yote ameshika simu mbele kama tochi, akisoma vipimo kwa sauti ili niandike kwenye mchoro wangu. Jikoni kulikuwa kubaya. Chumbani kwangu kubaya zaidi. Kwenye nyongeza hakukuwa na kitu kabisa, akasema huko hata mawimbi yanaogopa giza. Kisha akaingia chumbani kwa Baba, akasimama, akapima, akapima tena. Akaniambia, Baba akisikia, kwamba haelewi, huku kwa mzee netiweki iko sawa na imekuwa sawa siku zote, rauta iko hapo tu sebuleni na katikati kuna mlango wa mbao. Akauliza ni nani aliyesema haifiki.

Nilitazama mchoro wangu. Baba alichukua muda wake, midomo ikitafuta njia, kisha akasema, "Kuta. Ni nene."

Irungu aliutazama ule mlango wa mbao, akamtazama Baba, akasema sawa Mwalimu, kuta kweli ni nene. Akaweka kidude kikuu juu ya kabati la vyombo katikati ya nyumba, cha pili kwenye korido kando ya mlango wa Baba, cha tatu nyuma. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa neno lenyewe.

Jumapili iliyofuata ulipiga saa tisa kama kawaida. Utakumbuka kwamba kuelekea mwisho uliniona nimesimama mlangoni kwa Baba nimeshika kidude cheupe, waya wake unaning'inia. Uliuliza, "Kitinda, hiyo ni nini umebeba?" Baba akakujibu kabla yangu kwamba ninapanguza vumbi. Ukacheka, ukasema nimeanza kufanana na Mama.

Sikuwa nikipanguza vumbi.

Dada, tangu mwezi wa pili ni mimi niliyekuwa nakata simu zenu. Si kuta. Nilikuwa nakaa na Baba mpaka aanze kuongea, kisha naondoka kana kwamba naenda jikoni, nafika sebuleni, nachomoa plagi ya rauta. Baadaye nakuandikia kwamba netiweki imeenda tena, pole. Jumapili kumi na nne. Wewe ulipiga tena mara tatu, mara nne, hujawahi kukata tamaa hata siku moja, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na plagi mkononi nikisubiri uchoke.

Nitakuambia ilivyoanza, si kwa kujitetea. Asubuhi moja uji ulimwagika mara ya tatu, juu ya shuka nililokuwa nimetoka kubadilisha, na nilimwambia Baba neno ambalo sitaliandika hata hapa. Kwa siku sita baada ya hapo hakunisemesha. Nilimwosha, nikamlisha, nikamkunja vidole kama daktari alivyotuonyesha, na nyumba yote hii ya mawe ilikuwa kimya. Jumapili ukapiga. Uso wake ukafunguka. Akaanza kukuambia habari za mvua, neno kwa neno, kwa jasho, kwa furaha. Mimi niliyekuwa nimeshika simu mbele yake nilijiona kama kile kijiti cha kusimamishia simu.

Nilishikwa na wivu. Na nyuma ya wivu kulikuwa na hofu, kwamba akipewa muda atafika mwisho na kukuambia nilivyomkaripia. Kwa jinsi anavyoongea sasa, mvua na shamba pekee ni dakika nane. Alipofika kwa majirani, kwa ng'ombe wa Mama Wamucii, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye rauta. Ndiyo sababu ng'ombe huyo unamjua kuliko watoto wa majirani, lakini habari za kanisa hukuwahi kuzisikia hata mara moja.

Jumapili hiyo niliamua kutokata. Nakuomba uniamini kwa hilo. Nilisimama koridoni nikamsikia akimaliza ng'ombe. Akamaliza kanisa. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Sasa, Angeline. Neno lenyewe." Nikajua ni ule uji. Mkono wangu ukakichomoa kidude kilichokuwa karibu, cha kando ya mlango.

Mimi niliyesoma kila karatasi! Niliyekufundisha mwenyewe kwamba kimoja kikizimika vingine vinapokea. Mkono ulikuwa haujasoma. Nilikusikia ukiita Baba, Baba, mara mbili, sekunde tano za kimya, halafu sauti yako ikarudi safi. Kile cha juu ya kabati kilikuwa kimewapokea. Nami nikabaki pale, sina tena cha kuchomoa, nikalazimika kusikia.

Aliyoyasema unayajua, lakini sijui kama unajua kwamba nami niliyasikia. Alisema mimi, Christabel wake, nina karatasi zangu za chuo kwenye sanduku chini ya kitanda. Kwamba huzitoa alasiri ninapodhani yeye amelala, nazisoma, nazirudisha. Kwamba utafiti wangu ni wa ugonjwa wa ngano, na ngano ya Ainabkoi inataka mtu wa kuikagua kila wiki kuanzia mwezi wa tisa, na kwamba msimu wa mwaka jana ulinipita kwa ajili yake na hataki wa mwaka huu unipite. Alikuomba uje. Umshike yeye ili mimi nishike ngano. Alisema amekuwa akijaribu kukuambia tangu mwezi wa pili na hafiki.

Hakutaja uji.

Mara kumi na nne, Dada, nilimkata mtu aliyekuwa njiani kuniombea.

Nilijikuta mlangoni bila kujua nimefikaje. Ukauliza swali lako, Baba akatoa jibu lake la vumbi, nawe ukatoka mbele ya skrini kwenda kutafuta kalenda ya zamu. Ulipotoka, Baba alinigeukia. Alikitazama kidude, akanitazama mimi. "Kirudishe ukutani, mama," akasema. Unajua huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Sijamaliza."

Nikakirudisha.

Nilikaa na jambo hili wiki tatu, muda ule ule niliotumia kuchagua mtambo. Juzi baada ya kanisa nilipiga magoti kando ya kiti chake nikasema Baba nisamehe, ni mimi niliyekuwa nakata simu, na unisamehe lile neno la siku ya uji. Aliinua mkono wa kulia, huo huo uliokuwa umelala, akanizuia. Akaniuliza, "Mvua je?"

Nililia na kucheka pamoja. Kisha nilianza upya. Nilimwambia kuhusu mvua, ingawa alikuwa akiisikia juu ya mabati. Nilimwambia kuhusu mahindi, ng'ombe, Jeconia na hesabu zake. Halafu neno lenyewe, lote. Alinisikiliza hadi mwisho kama alivyokuwa akisikiliza watoto wa darasa la kwanza wakisoma, bila kunimalizia hata neno moja. Akasema alijua tangu Jumapili ya kwanza, kwa sababu kutoka kitandani kwake anaisikia plagi ikitoka. Akasema niliyemkosea zaidi ni wewe. Akaniambia nikuandikie.

Likizo ya Septemba uliyoomba, uliomba ukidhani mdogo wako anabeba mzigo kwa moyo mweupe. Sasa unajua moyo ulivyokuwa. Ukiamua kutokuja sitakulaumu, na Baba nitamweleza mwenyewe. Ukija, nitakupokea kwa shukrani ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na ngano itaniona kila wiki. Vyovyote vile, asante kwa kupiga tena kila nilipokata. Wewe ulidhani unapambana na mawe.

Nisalimie wote unaoishi nao, na umshukuru Betty kwa kubeba mzigo huu ambao hajui uzito wake. Nimemfungia na kilo mbili za unga wa wimbi. Baba anasema ule, usiweke kama mapambo. Anasema pia kwamba amesoma mwanzo wa barua hii na mvua imeelezwa vizuri.

Jumapili saa tisa atakuwa kitini, simu mbele yake. Mimi nitakuwa nimekaa kando yake, mikono yangu yote miwili mahali mtakapoweza kuiona.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukuomba radhi,

Christabel Mabonga