Siku Chuma Alipokutana na Baba Mkwe Wake

Gwakisa rafiki yangu,

Nianze na habari kubwa, maana najua ungeniuliza hiyo kabla hata ya salamu. Chuma ameacha kusema "nampiga." Yaani hajaacha kabisa, ila siku hizi anafikiria kwanza. Na ameanza kulia. Kaa chini, kama huko mliko mnakaa, nikueleze.

Hapa Tukuyu mvua ni ile ile. Duka lako la steshenari amelichukua binti mmoja wa hapa mtaani kwetu Msasani, anatoa fotokopi upande mmoja na kukaanga chipsi upande wa pili, kwa hiyo sasa vyeti vya kuzaliwa vya watu vinanukia mafuta. Mashine yako bado inameza karatasi. Binti anaipiga teke kama ulivyokuwa ukiipiga, tofauti ni kwamba yeye haiombi radhi.

Siku tulipokuzika hukuniona nikilia. Hakuna aliyeniona. Nilikuwa kule nyuma ya nyumba ya mama yako Kisondela na masufuria, maana wakishajua wewe ni mama lishe hawakuulizi kama una huzuni, wanakuuliza wali wa watu wangapi. Nikapika. Waombolezaji wakala, wakasema ndizi zimekolea. Halafu nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu Bupe ana moyo wa chuma, tangu shule ya msingi ni rafiki yake lakini hata chozi." Nikakoroga sufuria kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika. Nikatafuta mwingine.

Unakumbuka ulivyotuletea ule mchezo wako? Jumamosi mchana ulitukusanya dukani kwa fundi Salum, akasogeza cherehani ukutani, ukamwaga mezani madadu ya ajabu ajabu, moja lina pande ishirini kama jiwe alilochonga mtu asiyejua kuacha. Ukatueleza: mtu mmoja anasimulia dunia, wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hiyo dunia, anasema mtu wake anafanya nini, na dadu linaamua kama kafaulu. Salum akauliza mshindi anapata nini. Ukasema hakuna mshindi. Salum akarudi kwenye suruali aliyokuwa anapunguza.

Ukambembeleza mpaka akakubali kuwa mwizi mwenye vidole vyepesi. Mwalimu Ambwene wa kwaya yeye alitaka mtu wa kurusha moto kwa maneno, lakini alipoona kwenye karatasi zako umemwandika "mchawi" alisimama na kushika mwavuli wake. "Gwakisa, mimi ni shemasi. Nikisikika nasema mimi ni mchawi, hata kwa utani, Jumapili nakaa benchi la nyuma na waliotengwa." Tukambadilisha jina akawa Profesa. Moto ni ule ule, lakini Profesa anaurusha kwa elimu.

Mimi nikachagua mpiganaji. Ulidhani napenda vita. Gwakisa, nilichoka tu. Kutwa nzima watu wananiuliza: ndizi zimeiva, chumvi iko wapi, maharage ya leo au ya jana. Nilitaka mtu ambaye hadaiwi jibu. Mwanamke mrefu, shoka mkononi, basi. Nikamwita Chuma.

Ukaanza kunisumbua.

"Bupe, Chuma anapenda kula nini?"

Chochote.

"Anamwogopa nani?"

Hakuna.

"Akiwa peke yake njiani anaimba wimbo gani?"

Haimbi.

Ulishika kichwa kwa mikono miwili. "Huyu ni mtu au ni shoka lenye miguu?" Ukasema mpiganaji ndiye anayehitaji tabia kuliko wote, kwa sababu Profesa ana moto wake na mwizi ana vidole vyake, lakini mpiganaji akimaliza kupiga anabaki na nini? Nikakwambia anabaki amesimama. Ukacheka, lakini hukukata tamaa. Ulituletea mbuzi anayeongea, nikasema nampiga. Ulituletea mfanyabiashara wa chumvi, mpole, nikasema nampiga. Siku moja ulisimulia kwa sauti ya chini kwamba kichakani kuna kitu kinatetemeka na kutoa sauti nyembamba, nikasema nampiga.

"Bupe! Ni mtoto! Amepotea!"

"Basi simpigi."

Salum alilalia cherehani kwa kucheka.

Jumamosi yetu ya mwisho ulifika na uso wa mtu aliyeamua jambo. Ukasema, "Kuanzia leo Chuma ni mke wa mtu." Nikauliza huyo mume yuko wapi. Ukasema tutajua wiki ijayo. Siku chache tu baadaye presha ikakuangusha katikati ya migomba yako, na wiki ijayo yako haikuja.

Tulikaa muda mrefu bila kucheza. Nikipita dukani kwa Salum tunasalimiana, tunaongelea bei ya mchele, kila mtu anaangalia pembeni. Kiti chako alikigeuza kuwa cha kuwekea mashati yaliyopigwa pasi. Ndipo siku moja Mwalimu Ambwene akaja kwangu kula mchana, akamaliza sahani, akasema kwa ile sauti yake ya kutangaza nyimbo: "Tukiacha, itakuwa tumemzika mara mbili." Akalipa akaondoka. Jumamosi ile tukajikuta wote watatu kwa Salum, bila kuitana.

Salum ndiye akakaa kusimulia. Jamani, Gwakisa. Wewe ulikuwa unatuonyesha milima na ukungu. Salum anaona nguo tu. Jitu la kwanza alilotuletea, hatukujua lina macho mangapi wala meno ya namna gani, lakini tulijua limevaa kanzu ya poliesta, upindo umeshonwa ovyo, na bega la kushoto limekaa vibaya. Profesa akaliuliza jitu nani aliyelishonea. Likaona aibu likakimbia. Tulishinda bila kurusha dadu.

Basi tukafika kwenye ngome ya majitu. Salum akasema mlango ni mmoja tu, na mlangoni ameketi mzee amejifunika blanketi zuri, zito, la pamba. Nikanyoosha mkono kuchukua dadu, na mdomo umeshajiandaa kusema lile neno langu. Salum akaendelea, kwa upole wake, akijua anakuenzi wewe:

"Mzee anainua uso. Anasema: Chuma, mke wa mwanangu! Karibu!"

Gwakisa, sijui nikuelezeje. Sikufikiria. Nilijikuta nimesimama, nimevuta kitenge changu nikajifunika kichwa chote, nimegeukia ukutani, pua yangu iko kwenye kalenda ya Salum.

Wewe unajua. Ulikulia kulekule. Unamkumbuka bibi yangu wa Mpuguso, aliyenilea: mwanamke aliyepasua kuni kuliko wanaume, lakini akisikia baba mkwe wake anakohoa njiani, anatupa kuni na kupotelea migombani. Hakumtazama usoni maisha yake yote. Hata jina la yule mzee hakulitaja, wala maneno yanayofanana nalo. Nilidhani mambo hayo yalikwisha na bibi. Mimi mwenyewe baba mkwe wangu tunakula naye meza moja, ananiomba nimwekee vocha. Kumbe yalikuwa yamejificha kwenye miguu yangu.

Salum, ambaye babu zake walitoka pwani na hizi habari za kwetu hajui, aliogopa. "Dada Bupe, unaumwa?"

Mwalimu Ambwene alikuwa ameelewa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Haumwi, Fundi! Umemletea baba mkwe! Hawezi kumwangalia!"

"Mimi nimeweka mzee tu," Salum akasema. "Mzee mwenye blanketi."

Nikasema nikiwa ukutani, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya Chuma, nilimsikia kwa mara ya kwanza: "Siwezi kumpiga. Wala siwezi kupita mbele yake. Mwambieni anipishe, lakini msimwambie ni mimi niliyesema."

Basi ikawa kazi. Majitu mawili yakatoka ndani, na Chuma akapigana amewapa mgongo wote, mzee na majitu, shoka linapita juu ya bega kwenda nyuma, Profesa anaelekeza: "Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!" Nikarusha dadu bila kugeuka, likaangukia kwenye kikapu cha vifungo. Tulipolipata, Chuma alikuwa amempiga Profesa. Mwalimu Ambwene akasema anasamehe, ila atakumbuka. Salum naye alishaelewa utamu wake, akamfanya mzee awe anasogeza kigoda ili aone vita vizuri, na kila akisogea mimi nasogea na ukuta. Tulifukuza majitu yale kwa shida ambayo hatujapata kuiona.

Mvua inapiga bati. Nikasema, "Profesa, mwulize mzee, kwa nini amekaa mlangoni kwa majitu?"

Profesa akamwuliza. Salum alikuwa ameshika mkasi wake, anaufungua na kuufunga. Halafu akasema, siyo kwa sauti ya mzee, kwa sauti yake tu:

"Mwambieni mke wa mwanangu, mwanangu yumo humu ndani. Alikuja wiki iliyopita. Hatatoka tena. Mimi nimekaa hapa kwa sababu sijui pa kwenda kukaa."

Hapo ndipo Chuma alipolia, rafiki yangu. Alianza Chuma, namwapia Mungu. Nilikuwa naigiza. Nikasema, "Mwambieni mzee nami ninamlilia." Nikatoa kilio kidogo cha mchezo, cha heshima. Lakini kilipotoka kile kidogo, nyuma yake kikaja kingine ambacho hakikuwa cha mchezo, na nyuma yake vingine, vyote vile nilivyovikorogea kwenye sufuria kule Kisondela. Nililia kama wanavyolia mama zetu, kwa sauti, nimeshika kalenda ya watu. Nyuma yangu nikasikia Salum anapenga makamasi kwenye kitambaa cha mteja. Mwalimu Ambwene akaanzisha wimbo wa mazishi, sauti ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa yangu.

Sasa unajua Msasani. Kilio hakikai peke yake.

Mama Sekela wa genge la viazi alikuwa wa kwanza, amejitwika ndoo kichwani kuzuia mvua. "Kyala wangu! Mungu wangu! Nani?" Nyuma yake akina mama wengine, na bodaboda wawili waliokuwa wamejibanza barazani. Wakavua viatu. Wakakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Wakaanza kulia nasi kabla ya kujua, kama inavyopasa.

Mama Sekela akanishika bega. "Ndaga, mwanangu, pole. Ni nani aliyefariki?"

Nikazidi kulia. Akamgeukia shemasi. Na shemasi hasemi uongo. Mwalimu Ambwene akafuta miwani, akasema, "Mume wa Chuma."

"Maskini! Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Ameuawa na majitu."

Bodaboda mmoja akauliza kama polisi wana taarifa. Mama Sekela akauliza kaacha watoto wangapi, na Salum, badala ya kusimamisha mambo hapo, alijibu kwamba walikuwa wameoana juzi tu. Kilio kikaongezeka. Mwanamke mmoja alikuwa tayari ametuma mtu akalete ndizi. Nikajifunua uso nikawaambia ukweli: ni mchezo, Chuma ni mtu wa mchezo, mumewe hatujawahi hata kumwona. Nilingoja watutukane.

Mama Sekela alinitazama sana. "Mchezo ni mchezo," akasema. "Lakini wewe umelia kweli."

Nikamwambia, namlilia Gwakisa.

"Yule wa fotokopi? Aliyekuwa akisema na mashine?"

Ndiyo. Yule.

Basi akajifunga kanga vizuri akakaa tena, na wote wakakaa, nikakulilia sawasawa, Gwakisa, pamoja na watu, hadi mvua ikakatika. Ndizi zilikuja tukazila. Zilikosa chumvi. Sikusema kitu, angalau mara hiyo moja nilikuwa mfiwa na siyo mpishi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama Sekela amewahi kiti. Anasema alikuja tu kuuliza kama yule mzee wa mlangoni amekula. Sasa naye anacheza. Ni mpiganaji wa kutisha, hachukui silaha, anamshika adui sikio na kumwuliza mama yake ni nani. Majitu mawili yameokoka.

Na Chuma amekuwa mtu. Akipita kwa wakwe anazunguka nyuma ya nyumba. Anamwachia mzee chakula juu ya jiwe na kukohoa ili ajue kipo. Hapendi kuitwa jasiri, anasema ana haraka tu. Nimeyajua haya moja moja, wala sikuyatunga, nilimsikiliza tu. Ulikuwa unajaribu kuniambia hivyo, nami nikadhani unataka kuniongezea kazi.

Salum aliniuliza mume wa Chuma aitwe nani, akanitazama kwa huruma, akidhani nitasema jina lako. Nilimkatalia. Tumemwita Lwitiko. Yule ni mtu wa hadithi, huenda Salum akalegea moyo tukamkuta chumba cha ndani anapumua. Wewe umekufa. Sitaki kukuchanganya naye, halafu kila Jumamosi nikawa nasubiri mlango ufunguke.

Kwa hiyo nakuaga hapa, rafiki yangu, kwa jina lako mwenyewe, jambo ambalo sikuliweza siku ile ya mazishi. Kwa heri, Gwakisa. Jumapili baada ya ibada ninapanda Kisondela kwa mama yako. Alizoea kuninong'oneza kwamba mwanaume mwenye muda wa kutunga majitu amekosaje muda wa kuoa, na hajawahi kupata jibu la nini hasa tulikuwa tunafanya kwa Salum. Nakuahidi nitamweleza yote, kuanzia mbuzi anayeongea, na nitamweleza polepole, maana nataka acheke, na sitaondoka mpaka acheke.

Wako,
Bupe