Kiti niliyoivunja mwenyewe

Siku ya posho, Jumamosi, mchana. Mvua imeacha.

Ilinyesha tangu asubuhi. Sasa maji inatonya pole pole kutoka kwa mabati, na kuku za jirani zimeanza tena kuchokora matope kama vile hakuna kitu ilipita. Nazionea wivu.

Solange, binti yangu wa kwanza, ndiye alinifungulia hii ukurasa kwa simu. Kila nikiandika anasoma, anasahihisha, anacheka, anasema: « Maman, hapa weka point. » Leo hatasahihisha. Tangu jana hatusemezani sawasawa. Donc makosa yote ya leo ni yangu, ya kuandika na ile ingine.

Ile ingine ni kubwa.

Bon, nianze na kiti. Hapa kwetu Kabondo, nyumba ya tatu kutoka yetu ni ya Mama Zaituni. Yeye ni wa zile jamaa za Waislamu wa zamani. Mimi ni mutu wa mto, wa Isangi, mukristo. Nilipofika hapa na watoto wawili na beseni moja ya samaki wa kukausha, yeye alinionyesha mahali pa kuuzia. Siku Solange alishikwa na malaria kali, yeye alimubeba mugongoni mpaka hospitali. Hata nikitaka kusahau siwezi. Solange iko na miaka makumi mbili na moja, na anapita mbele yangu kila siku.

Mama Zaituni iko na televisheni ya câble. Mutoto wake mwenye anafanya kazi Bunia ndiye anamulipia. Kila siku saa tisa anafungua mulango, na sisi wamama wa hii avenue tunaingia kuangalia feuilleton, ule mchezo wa kila siku. Desturi ni moja: kila mutu na kiti yake. Unaileta siku ya kwanza, inabaki pale, na hakuna mutu mwingine anaikalia, hata ukisafiri mwezi mzima. Kiti yako ikiwa kwa Mama Zaituni, uko mutu wa pale. Ukiiondoa, avenue yote inauliza mumegombana nini.

Ile feuilleton inasema Kifaransa. Mama Zaituni anakaa mbele kabisa, macho yake imeanza kuchoka, na anatufasiria: « Sasa kaka anamwambia dada yake, toka kwangu na nguo zako! » Sisi tunasema eeeh, tunapiga mikono. Mimi nilisoma mpaka la tatu ya primaire. Kifaransa yangu ni bonjour, merci na pardon. Wengine wakicheka, na mimi nacheka.

Posho iliyopita Solange alileta ordinateur, kompyuta, ile walimuachia kwa bei nzuri kwenye institut anasomea. Alileta na ka-boîte, kasanduku kadogo. Kuko waya ya câble inaninginia kwa ukuta wetu, mupangaji wa zamani aliiacha. Akaifunga kwa ile ka-boîte, ka-boîte kwa ordinateur, na chaîne zote za televisheni zikakuja, lakini zimefungwa. Unaona picha imekatika-katika kama sahani ya kuvunjika, unasikia sauti kama mutu anaongea ndani ya maji. Solange akasema: « Inaomba namba za kadi ya mutu mwenye kulipa, na code yake. Maman, hatumujui mutu? »

Nilimujua.

Mama Zaituni haoni vizuri, na mimi, hata shule yangu ni kidogo, namba nasoma. Kila mara câble yake inapofika mwisho, mimi ndiye namusomea kadi na code wakati anaongea na wale watu kwa simu. Zile namba ziko kichwani mwangu kama siku za kuzaliwa za watoto.

Nikazisema. Moja moja, pole pole, ili Solange asikosee.

Jumatatu saa tisa tulikaa juu ya kitanda, ordinateur juu ya kiti, mulango umefungwa. Solange alinifasiria yote. Na hapo, shajara yangu, nilijua kitu. Ule mwanaume mwenye tumemulaani miezi yote juu ya kufukuza dada yake? Si dada yake. Ni bibi yake, wa ndoa! Na mwenye tulisema ni pasta, ni avocat, mwanasheria. Mama Zaituni hasikii Kifaransa hata kidogo. Anatunga. Nilicheka mpaka machozi, Solange naye akacheka mpaka akalaza kichwa hapa kwa bega yangu, na akakiacha pale mpaka mwisho. Tangu alianza ile institut, huyu mutoto anaingia anatoka, anajibu « mm ». Miaka mingapi hajaweka kichwa pale?

Sijitetei. Nasema tu namna ilikuwa.

Lakini nilijua kiti yangu kule, tupu, itasema. Basi asubuhi ya Jumatatu ile ile nilikuwa nimekwisha kuiondoa. Nilimwambia Mama Zaituni mguu moja inalegea, naipeleka kutengeneza. Akanijibu: « Pole, mama. Hata kiti inazeeka kama sisi. » Nikaiweka kichwani, nikapita avenue yote nayo, nzima kabisa.

Jumanne jioni nikamukuta Mama Odile kwa robinet ya maji. Anasema: « Mama Solange, uko na bahati haukukuya! Picha ya Mama Zaituni inakufa. Saa tisa juste, tii, nyeusi! Courant iko, taa inawaka, lakini ile kitu ni nyeusi kama chungu. Anaipiga mukono, anaisomea dua, bure. » Nikasema pole. Nikaenda mbio kumuuliza Solange.

« Maman, kadi ni moja. Tukiifungua huku, kule inafunga. Nilizani unajua. »

Sikujua. Jumatatu na Jumanne sikujua, Mungu ananiona.

Jumatano nilijua. Na saa tisa nilikaa tena juu ya kitanda. Nilijiambia leo tu, nione kama yule bibi atarudi kwa bwana yake. Nilikaa na kichwa cha mutoto wangu kwa bega, na nilikuwa nawaona wamama kule, kila mutu juu ya kiti yake, mbele ya kitu nyeusi. Sikusimama.

Ni ile Jumatano ndiyo inanikula.

Alhamisi asubuhi Solange anachungulia, anasema: « Tonton Saidi iko kwa mulango na nyundo. » Tonton Saidi ni mudogo wa Mama Zaituni, seremala. Dada yake alimutuma kunitengenezea kiti. Mimi sikumuita, sikumuomba. Na kiti iko ndani ya chumba, miguu ine imesimama kama askari.

Nikakamata muchi ya kutwangia pondu, majani ya muhogo. Nilipiga mara tatu ndiyo mguu ikakubali kuvunjika. Solange alikuwa ananiangalia. Afazali angeuliza.

Tonton Saidi alipindua kiti, akaweka kidole pale imepasukia. Kiisha akasema: « Mama Solange, hii ni mbao ya lifaki. Babu yangu alifanya nayo milango, mpaka leo inasimama. Kiti yako ilianguka toka juu ya mulingoti gani? »

Nikasema: « Iliteleza, Tonton. »

« Iliteleza. Bon. »

Akapiga misumari yake. Nikataka kumupa kitu, akakataa, dada yake alimukataza. Kiisha, mbele nifungue kinywa, akaweka kiti kwa bega na kuirudisha yeye mwenyewe kwa Mama Zaituni. Basi kiti yangu ikaenda kukaa mahali pake, na mimi nikabaki nyumbani.

Siku ile ile saa tisa Solange alifungua ordinateur. Hakuna kitu. Wale watu wa câble waliona kadi moja inafunguka mahali mbili, wakaifunga pande zote. Nyeusi kwetu, nyeusi kwa Mama Zaituni. Nani anajua, kama ningesema Jumatano, kama picha ingeendelea? Mimi sijui. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jana Ijumaa, kiisha sala yao, nikaenda. Nilitaka kumukuta yeye peke, lakini wamama walikuwa wamekwisha kufika. Televisheni nyeusi. Na Mama Zaituni anaelezea feuilleton kutoka kichwani mwake! « Sasa kaka amekuya usiku, anapiga magoti, anamwambia dada: nilikosa, rudi nyumbani. » Wamama: eeeh! Hata mimi pale kwa mulango, sandale mukononi, kidogo niseme eeeh. Kiti yangu ilikuwa kati ya zingine, hakuna mutu juu yake.

Nikasema yote mbele yao, namba, ordinateur, muchi ya pondu. Kama ningengoja, kinywa ingejifunga. Nikasema mimi na Solange tulifungua.

Mama Odile aliruka: « Wewe! Na ulinipa pole pale kwa robinet, umevaa kitenge yako ya kanisa! » Iko na haki.

Mama Zaituni aliinua mukono, wakanyamaza. Akasema polepole: « Saidi aliniambia juu ya ule mguu. Nilijua kuko kitu. Nilikuwa natafuta ndani ya roho yangu, nauliza nilimukosea nini Mama Solange mpaka akatae nyumba yangu. »

Heri angenitukana.

« Kaa », akasema. Nikakaa. Kiti haikulia hata kidogo. Misumari ya Tonton Saidi ni ya kweli.

Kiisha akageuka, akaniangalia na yale macho yake ya kuchoka. « Mutoto wako anasikia Kifaransa. Ule mwanaume wa feuilleton, ni nani wa ule mwanamuke? »

Wamama wote wakanigeukia.

« Ni kaka yake, Mama. Kama vile ulisema. »

Akacheka kidogo kwa pua. Sijui aliamini. Akasema « aya », akaendelea na hadisi yake. Basi siku ya kutubu, nikaongeza uongo ingine. Padiri akiniuliza nitaihesabu wapi, upande gani? Ile moja tu sioni namna ya kuijutia.

Niliporudi, Mama Odile alikuwa amekwisha kupita na kuongea. Solange alinipokea kwa mulango: « Maman, umeniuza kwa avenue yote. » Na ni kweli. Ningeweza kusema ni mimi peke. Namba zilitoka kwa kinywa changu, yeye alibonyeza tu. Nilitaka mwenzangu wa kubeba, nikamutwika mutoto. Hiyo ndiyo ya mwisho, na labda ndiyo mubaya kupita zote.

Jumatatu lazima kuenda bureau ya câble, kuomba wafungue kadi ya Mama Zaituni. Mimi siwezi kueleza kwa Kifaransa. Asubuhi hii nilimuuliza Solange kupitia mulango wa chumba. Akajibu: « Nitaenda. Lakini usilie pale. »

Nilisema sitalia.

Sasa ni karibu saa tisa. Nasikia sandale za wamama ndani ya matope, wanaenda kusikiliza televisheni ya kuzima. Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini mulango wa chumba umefunguka. Solange ametoka. Anashika kile kibao kidogo cha jikoni, ile nakalia nikipika. Haniangalii. Anauliza kule inaanza saa ngapi, kama vile hajui.

Natafuta sandale zangu. Njiani nitamwambia neno moja tu, mbele tufike: Solange, kwa Mama Zaituni, ule mwanaume ni kaka.