Pole Iliyosomwa Buli

Kwa dada yangu Mwanakombo, Pangani.

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe na nyumba nzima, na anayekusomea asipunguze neno. Kifua kile kimepoa? Na mguu je? Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada, uchovu wa kuingia mifupani.

Wajua nafundisha watoto wa tajiri mmoja wa hapa Baleni kuandika barua fupi fupi za adabu: kusalimu, kushukuru, kuomba radhi. Mafia kote hakuna mwenye hati kama yangu. Siku ya kwanza nilipoandika bismillahi ubaoni, kunguru wa shamba zima walinyamaza hata nikatia nukta ya mwisho. Muulize yeyote. Lakini watoto hawa! Mmoja alamba wino, mwingine amlilia mama yake, na mgongo wangu umekuwa upinde.

Sasa sikia. Tajiri huyu alikuwa hasemi na mamake, akaaye kisiwani Chole, kwa kuwa alikata minazi ya mama bila kumwuliza. Bibi akateleza kisimani, akateguka nyonga. Tajiri akaniambia, "Mwalimu, binti yangu Salma amwandikie. Mama akipokea salamu, vyema. Akikataa, kunja jamvi lako uende zako."

Salma ni mtoto wa miaka saba. Nikamwambia, maneno machache, adabu nyingi. Akaandika: "Shikamoo bibi. Pole." Basi. Hati safi, mkono nilimshika mimi.

Kesho yake akaja jirani wa bibi, yule amsomeaye barua, na buli mkononi.

"Bibi asema, minazi mmekata, sasa mwataka na buli la chai. Haya, chukueni! Vikombe mtavitaka lini?"

Nilitokwa jasho, dada. Herufi zetu hizi za Kiarabu, pe twaiandika be, na alama ya o ndiyo ya u, ya e ndiyo ya i. Pole na buli ni pacha. Wako watiao nukta tatu ijulikane kuwa ni pe. Mimi sipendi, zachafua hati. Tajiri akaliangalia jamvi langu.

Nikamchukua Salma, huku atembea, huku nambeba, hata pwani, tukavuka. Majini papa mrefu kama msikiti alitufuata, nilimkemea, akazama.

Tulimkuta bibi kitandani, uso ukutani.

"Mmefuata na sinia?"

Salma akasema, "Bibi, mimi niliandika pole. Waumwa wapi?"

Bibi akageuka. Akacheka hata nyonga ikamuuma, akalia, akacheka tena. Kisha akanikazia macho. "Nawe mwalimu mzima, nukta zakushinda?"

Nikamjibu wino ulikuwa mchache.

Akataka ubao, ajifunze kuandika mwenyewe, asisemewe tena na jirani. Mwanafunzi wa umri ule, dada! Vidole vyatetemeka, matusi tele, na kila kosa ni langu. Nilikaa Chole hata macho yakawa yatoka maji. Mwisho akamwandikia mwanawe neno moja: "Njoo."

Nikasema, "Bibi, tanguliza salamu. Ndiyo adabu nifundishayo."

"Adabu ni yake kwangu. Peleka hivyo hivyo."

Nikapeleka. Tajiri alisoma, akashika njia ya pwani bila kilemba wala viatu.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu Bi Mize aliyetulea. Mwanao Athumani, asomaye haya, mwambie mjomba wake angali na kazi. Mkinikumbuka, niombeeni usingizi.

Ndimi nduguyo Makame, mwalimu wa Baleni.